UZI: Emin Pasha kaanguka tena dirishani Bagamoyo, safari hii kafa kweli. Nani kamuua?

#1 Mtunzi wa Mwambao
Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya upelelezi, nimebakiza sura ya mwisho. Muuaji ninamjua, ila nataka kupima kama msomaji atamkamata mapema. Nashusha kisa hapa, nyie nitajieni mtu na sababu zenu.

Mahali ni hoteli ya kubuni, ufukweni Bagamoyo, jengo la zamani la ghorofa moja. Biashara imemwendea mwenye hoteli vibaya, akabuni mapumziko ya wikendi aliyoyaita "Usiku wa 1889". Wageni 12 wanatoka Dar, wanalipa, wanavalishwa nguo za enzi hizo na kila mmoja anabeba jina la mtu wa wakati ule kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana. Simu zote zinafungiwa mapokezi. Kilele ni Jumamosi usiku: wanaigiza karamu ya tarehe 4 Desemba 1889, Wissmann, kamanda wa Wajerumani pwani, alipowakaribisha msafiri Stanley na Emin Pasha, gavana aliyefuatwa na Stanley huko bara, walipofika pwani. Mnaoijua historia mnajua kilichotokea. Emin alitoka kupitia dirisha la ghorofani, akaangukia barabarani, fuvu likapasuka.

Hoteli imepanga kuigiza na anguko lenyewe. Chini ya dirisha pamewekwa magodoro matatu ya sufi, juu yake turubai. Saa nne kamili usiku mgeni aliyevaa u-Emin aende dirishani, apige ukelele, ajirushe. Anajirusha. Wageni wanapiga makofi, na wanaendelea kupiga. "Dk. Parke", daktari wa msafara wa Stanley, anashuka mbio kama mchezo unavyotaka, anarudi juu midomo imemkauka. Magodoro yapo hatua nne pembeni, chini ya dirisha la pili.

Waliopo: mwenye hoteli (yeye ndiye "Wissmann"), mbia wa marehemu ("Stanley"), mganga wa meno ("Parke"), mhasibu wa kampuni ya marehemu ("Sewa Haji"), mke wa marehemu (kavaa kitawa, mtawa wa Misheni), mhudumu wa vyumba, mpishi, mlinzi. Saa nne kasorobo umeme ulikatika, jenereta ikagoma kwa dakika kadhaa. Mpishi anasema kupitia dirisha la jiko alimwona "Mjerumani mwenye kofia" akivuta turubai. Sare za Kijerumani hotelini ziko mbili.

Karibuni.

#2 Mkaka wa Mapinga
Siti ya mbele kabisa. Mke. Tufunge uzi.

#3 Bi Mkubwa wa Dunda
Wewe kijana wa #2, kila mume akifa mke ndiye kaua? Subiri kwanza tujue magodoro yaliwekwa na nani na saa ngapi. Mtunzi, hujasema.

#4 Mtunzi wa Mwambao
Shikamoo Bi Mkubwa. Yaliwekwa saa mbili usiku na mhudumu wa vyumba akisaidiana na mlinzi. Mwenye hoteli alishuka kuyakagua mwenyewe saa tatu, yalikuwa mahali pake. Kwa hiyo ni ndani ya saa moja hiyo.

#5 Mkaka wa Mapinga
Kuyakagua "alisema" aliyakagua. Tusipewe neno la mshukiwa kama ushahidi.

#6 Jirani wa Kaole
Uzi mzuri. Niongezee historia kidogo kwa wasomaji wengine maana naona mtu ataingia hapa kusema Emin alifia Bagamoyo. Hakufa. Alilazwa hapa hapa wiki kadhaa, Stanley akavuka kwenda Unguja akamwacha kitandani, na mwaka 1890 Emin akarudi bara akiwa mtumishi wa Wajerumani. Aliuawa Kongo mwaka 1892.

Sasa jambo lenye maana kwa kisa chako. Emin halisi macho yake yalikuwa mabovu sana, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba dirisha alilidhani mlango wa roshani. Kwa hiyo mimi swali langu ni moja: marehemu wako anavaa miwani? Kama anavaa, usiku ule alivaa ya kwake au ile ya mchezo?

#7 Mtunzi wa Mwambao
Ya mchezo. Vioo vitupu, fremu ya chuma, ilitoka kwenye sanduku la mavazi. Ya kwake ilikutwa chumbani juu ya meza.

#8 Jirani wa Kaole
Basi. Aliyegawa mavazi ndiye. Mtu asiyeona mbali, umempa vioo vitupu, umeme umekatika, unamwambia jirushe.

#9 Nesi wa Zamu
Naomba kupinga kitaalamu. Ghorofa moja! Nimepokea walioanguka kwenye minazi mirefu kuliko hiyo hoteli, wengine wanakuja wanatembea wenyewe wameshika kiuno. Na wengine wameteleza bafuni wakafa. Hakuna uhakika. Muuaji mwenye akili hawezi kutegemea anguko la ghorofa moja, labda awe na mpango wa pili pale chini. Nani alifika kwa marehemu wa kwanza, peke yake, gizani? Parke. Tena mganga wa meno, shingo ya mtu anaijua. Mtu kaanguka, yu hai, analia. Daktari anashuka, anapanda, mtu kafa.

#10 Mkaka wa Mapinga
Nesi umeniogopesha. Zamu yako iko hospitali gani niepuke 😂

#11 Nahodha Mlingotini
Mtunzi nakuuliza. Rasimu uliyoweka kule kwenye uzi wako wa mwezi uliopita ulisema muuaji alitorokea baharini kwa ngalawa, mwezi mpevu unamulika, saa nne usiku, mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli. Bado ipo hiyo?

#12 Mtunzi wa Mwambao
Ipo. Kuna mtu anasikika akisukuma ngalawa.

#13 Nahodha Mlingotini
Ngalawa ipi hiyo. Mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa. Bamvua kwetu maji yanajaa saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakauka saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne usiku wa mwezi mpevu Bagamoyo bahari imeondoka, ufukwe wetu si wa kina, unatembea mchangani na matopeni mpaka uchoke ndipo upate maji ya magotini. Hiyo ngalawa imekaa upande kwenye mchanga kama ng'ombe aliyelala. Aisukume mtu mmoja? Wanaisukuma wanne na nyimbo.

Na jingine, mwezi mpevu saa nne uko juu. Umeme ukatike usikatike, nje kunaonekana. Mpishi kama alimwona mtu, alimwona vizuri, si kofia tu.

#14 Mtunzi wa Mwambao
Ngalawa ni chambo, nahodha. Msomaji akimbilie baharini wakati mambo yako ndani. Lakini habari ya saa kumi na saa nne naichukua, itanifaa: mpelelezi atawacheka waliokwenda kutafuta nyayo za muuaji kwenye maji.

#15 Nahodha Mlingotini
Chukua. Nyayo zitakuwepo tele basi, maji yakiwa yametoka nyayo zinakaa mpaka maji yarudi saa kumi alfajiri. Polisi wana saa sita.

#16 Fundi Chokaa
Nimekuja kwa ajili ya jengo. Kwenye rasimu yako ile ya mwezi uliopita umesema ukumbi wa karamu unakaa watu 30, dari ya boriti, hauna nguzo katikati. Nyumba za mawe na chokaa upana wa chumba unaamuliwa na boriti, na boriti ya mkoko haiendi mbali, futi tisa, kumi. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Ukumbi wako ama una safu ya nguzo ama ni ushoroba. Na kama una nguzo, wageni hawaoni dirisha wote! Nusu ya mashahidi wako waliona nguzo.

Pili, kuta. Ukuta wa namna hiyo unene wake futi moja na nusu mpaka mbili. Nimekarabati nyumba za aina hiyo, dirishani unaweza kukaa na kikombe cha kahawa. Mtu aliyesimama ndani, hata mwenye macho mazima, hawezi kuona kilicho chini kabisa usawa wa ukuta. Anaona barabara ng'ambo. Kuona magodoro lazima apande kizingiti ainame nje. Kwa hiyo habari za miwani za Jirani wa Kaole (#8) hazina uzito. Awe na macho ya mwewe, yale magodoro asingeyaona.

#17 Jirani wa Kaole
Fundi, ili ajirushe lazima apande kizingiti. Akipanda si ndipo anaona? Umenisaidia mimi.

#18 Fundi Chokaa
Akipanda anaona turubai jeusi gizani au barabara nyeusi gizani. Sawa tu.

#19 Jirani wa Kaole
Nahodha kasema mwezi uko juu.

#20 Fundi Chokaa
Mwezi uko juu, ukumbi unatazama upande gani? Kivuli cha nyumba kinaangukia wapi? Mtunzi atuambie.

#21 Mtunzi wa Mwambao
Dirisha linatazama barabarani, magharibi. Bahari iko nyuma ya jengo.

#22 Bi Mkubwa wa Dunda
Haya sasa. Na jiko liko wapi?

#23 Afande Mstaafu
Salaam. Nimesoma yote. Mtunzi, kwenye rasimu yako ile polisi wanakuja wanaanza kuwahoji wageni sebuleni mmoja mmoja na kikombe cha chai. Hapa kwetu haiendi hivyo. Kwanza eneo linazungushiwa utepe, turubai na magodoro ni vielelezo, vinaandikwa na kufungwa. Mwili unapelekwa hospitali kwa uchunguzi. Na marehemu akiwa Mwislamu utaona ndugu wamefika kabla ya saa mbili asubuhi wanataka wakazike adhuhuri, na hapo ndipo shinikizo. Hilo ukiliandika vizuri peke yake ni sura nzima: mke anasema "mwacheni tukamzike", je, ni dini au ni hofu ya uchunguzi?

Pili, mtu wa kwanza kulala mahabusu ni mwenye hoteli, hata kama hana habari. Aliandaa mchezo wa kumrusha mtu dirishani. Akikosekana wa kukusudia, yeye anabaki na kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu, kuua bila kukusudia. Kifungu cha 196 ndicho mauaji. Muuaji wako anajua hilo. Kachagua njia ambayo kesi inamwangukia mwingine yenyewe.

#24 Mkaka wa Mapinga
Afande asante. Kwa hiyo mwenye hoteli tumtoe.

#25 Afande Mstaafu
Sijasema umtoe. Nimesema atalala ndani.

#26 Tanga Raha
Nimechelewa. Kwanza kwa nini kila kitu Bagamoyo? Mngeleta Tanga mkala na mkate wa ajemi. Pili, hivi hamwoni kitu? Karamu ya Wissmann tarehe 4 Desemba. Tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, Wissmann huyo huyo kamnyonga Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, pale Pangani. Siku kumi na moja baada ya shampeni. Hoteli inauza tiketi ya kusherehekea hayo, wafanyakazi wanavalishwa kanzu kubeba sinia. Mimi ningekuwa mlinzi mtu wa Pangani ningewasogezea magodoro wote. Sababu iko wazi kabisa, nyie mnahangaika na miwani.

#27 Jirani wa Kaole
Hoja ya Bushiri ni nzito na Mtunzi aitie humo hata kama haihusiani na mauaji. Ila mlinzi mwenye uchungu wa Bushiri angemuua Wissmann, si Emin. Emin alikuwa mgeni, hata Pangani hakuhusika.

#28 Tanga Raha
Labda alimkusudia Wissmann! Dirisha la pili lilikuwa la nani?

#29 Mtunzi wa Mwambao
Dirisha la pili halikuwa la mtu. Ila mezani, aliyekaa karibu nalo ni "Wissmann".

#30 Tanga Raha
NIMESEMA.

#31 Fundi Chokaa
Sasa umesema nini, magodoro yamewekwa chini ya dirisha la Wissmann. Kwa hiyo alitaka kumwokoa?

#32 Mama Mapokezi
Jamani mimi nimefanya kazi ya hoteli miaka mingi, ufukwe huu huu wa kaskazini. Nawaambia kilichotokea na hamtapenda. Hakuna aliyeua. Tulikuwa na usiku wa mavazi wa wageni, bosi akaniambia weka meza ya zawadi mlango wa kulia. Nikaweka. Wageni wakatokea mlango mwingine, wakaikuta sakafu tupu. Kwa nini? Bosi alikuwa amesimama ndani anatazama nje, mimi nilikuwa nje natazama ndani. Kulia kwake ni kushoto kwangu. Aligomba mpaka asubuhi.

Sasa mhudumu wa vyumba saa tatu na nusu kaitwa dirishani na mtu: "Sogeza hayo magodoro kulia kidogo." Gizani. Kasogeza kulia kwake. Kamaliza kaenda zake kulala maana kaamka saa kumi na moja. Halafu mpishi kamwona kavaa kofia ya mvua, si ya Kijerumani. Vuli hiyo, Desemba, kila mtu ana kofia ya mvua.

#33 Mkaka wa Mapinga
Yaani ninunue kitabu kizima halafu mwisho kulia na kushoto? Nirudishiwe pesa.

#34 Afande Mstaafu
Usimcheke. Nimeona mafaili ya namna hiyo. Ila swali linabaki: ni nani aliyemwita dirishani? Mtu akitoa agizo akijua litatafsirika vibaya, hiyo si ajali tena.

#35 Mama Mapokezi
Hapo sasa Afande. Na mhudumu hatasema, maana akisema kazi hana.

#36 Mchambuzi Huru
Mmepita pembeni wote. Mnadhani aliyekufa ni nani? Ndevu za bandia, tarbushi, miwani, usiku, simu zimefungiwa, nusu ya wageni wamejuana Ijumaa. Nani kathibitisha kuwa maiti ni ya mtu aliyeandikwa kitabuni? Mnakumbuka mwaka 1926 Agatha Christie alipotea Uingereza siku 11, nchi nzima inamtafuta, kumbe yuko hotelini Harrogate kajiandikisha kwa jina jingine, na jina la ukoo alilotumia ni la kimada wa mumewe. Kwenye hoteli kitabu cha wageni ndicho shahidi mwongo kuliko wote. Marehemu yuko hai, yuko Unguja saa hizi, na aliyekufa ni mtu aliyelipwa kuvaa ndevu.

#37 Nesi wa Zamu
Mke kamtambua.

#38 Mchambuzi Huru
Haswa.

#39 Mkaka wa Mapinga
Narudia #2. Nilisema nini?

#40 Bi Mkubwa wa Dunda
Mnamrundikia huyo mama wa watu kwa kuwa kavaa kitawa. Mtunzi, hiyo karamu walikula nini? Usinijibu shampeni.

#41 Mtunzi wa Mwambao
Supu, samaki wa kupaka, wali, mbuzi wa kuchoma. Mbuzi alichomwa nje, uani.

#42 Bi Mkubwa wa Dunda
Uani upande wa bahari?

#43 Mtunzi wa Mwambao
Ndiyo.

#44 Bi Mkubwa wa Dunda
Na jiko linatazama uani, ili wapokeze sahani. Dirisha la karamu linatazama barabarani. Sasa huyo mpishi alimwonaje Mjerumani wenu akivuta turubai barabarani, jengo zima liko katikati? Nimeuliza tangu #22 hamnijibu, mnabishana kivuli cha mwezi.

#45 Fundi Chokaa
Duh.

#46 Nahodha Mlingotini
Bi Mkubwa kafunga nanga.

#47 Jirani wa Kaole
Inawezekana mpishi alitoka nje, kaona, halafu anaficha kwamba alitoka. Kusema uongo juu ya mahali hakumaanishi kaua. Labda alikuwa anatoa nyama kwa mlango wa mbele, hoteli zote nyama inatoka.

#48 Mama Mapokezi
Inatoka. Sitasema zaidi.

#49 Mzee wa Kiko
Vijana hamjambo. Mimi wa zamani, nimelelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni anaulizwa anachokiona. Bwana Msa asingeanza na magodoro. Angeanza na makofi. Mtunzi umeandika "wanaendelea kupiga". Makofi hayaanzi yenyewe, kuna mtu huanza na wengine hufuata, na kuna mtu hayaachi yakome. Nesi (#9) kasema anguko halikutosha, kulikuwa na kazi ya pili pale chini. Kazi hiyo ina sauti. Mtu aliye chini anaita, anaomba msaada. Ni nani alihakikisha juu hapasikiki kitu?

#50 Mtunzi wa Mwambao
Shikamoo mzee. Sura ya nne, aliyeanza kupiga makofi ni "Stanley". Aliyekuwa wa mwisho kuacha ni mke.

#51 Mkaka wa Mapinga
😭😭 Naomba cheti changu.

#52 Mchambuzi Huru
Subirini, mbona hayo hayapo #1? Mtunzi unatuficha ushahidi halafu unatupima. Msomaji anatakiwa aone kila alichokiona mpelelezi.

#53 Mtunzi wa Mwambao
Yapo kitabuni, mkuu. Hapa nimefupisha.

#54 Nesi wa Zamu
Kwa hiyo Stanley na Parke: mmoja anapiga makofi juu, mwingine anamalizia chini. Mimi nimefunga.

#55 Afande Mstaafu
Wawili wanaopanga pamoja, mmoja husema ndani ya wiki. Angalia deni. Mhasibu hajaguswa na mtu tangu uzi uanze, na ndiye anayejua kampuni ina nini. Mnamwacha kwa sababu kavaa jina la Sewa Haji, tajiri aliyetoa mali yake kujenga hospitali. Nguo nzuri hiyo ya kujifichia.

#56 Tanga Raha
Mimi nabaki na mlinzi. Afande, mlinzi ndiye alibeba magodoro saa mbili, ndiye alikuwa nje saa nzima, na hakuna mtu humu aliyemuuliza kitu hata kimoja.

#57 Mama Mapokezi
Hapo nakuunga mkono, ila Bushiri mweke pembeni kidogo. Mtunzi umesema biashara imemwendea bosi vibaya. Mlinzi alilipwa mshahara wa Novemba au hakulipwa? Tujibu hilo kwanza.